Neno Alilolisema Baba Mkwe

Mwenye aibu aache kusoma hapa hapa, akapike chai. Naona bado mnasoma. Vizuri, tumeelewana.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezaliwa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, nimefanya kazi humu humu maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya katika chumba cha pansema cha wanaume: kufunga vidonda, kuchoma sindano, kuweka sonde, yaani ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Nyinyi mnaoanza uuguzi leo mnaniuliza mambo ya vyeti na mishahara. Hakuna anayeniuliza nilichokijua kuliko mtu yeyote katika mji huu, nacho ni majina ambayo wanaume wanakipa kile kitu chao. Basi nitawaambia bila kuulizwa.

Kwanza mjue nilifikaje pale. Siku ya kupangwa kazi, muuguzi mkuu, Papa Safari, alitusimamisha sisi wasichana wapya ukutani, akatamka neno lile lenyewe, lile la mtaani, ambalo mama yangu angenipiga kofi kwa kulisikia tu. Wenzangu wote wakaangua kicheko na kuficha uso katika blauzi. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nawaza njaa. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Papa Safari akaninyooshea kidole. "Huyu hachekake," akasema. "Huyu atatumika kazi upande wa wanaume." Ndivyo njaa ilivyonipa kazi.

Alinifundisha mengi, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: "Usimupe mugonjwa jina. Ungoje alete ya kwake. Akishaleta, utumie ileile mpaka apone." Mkitoka hapa na kitu kimoja, tokeni na hicho. Ukimwambia mwanaume neno la kitabu, anaitikia ndiyo kwa kila kitu kama mtoto wa shule, halafu hujui amekuelewa au anataka tu kuvaa suruali. Ukimngoja, atazunguka, atakohoa, atataja hali ya hewa, halafu atalitoa neno lake. Neno likishatoka, ugonjwa wote unafuata nyuma.

Na yalikuwa maneno! Madereva wa malori ya Butembo walisema leviye, kile kijiti cha kubadilishia gia, na walilisema kwa kiburi hata pale gia zilipokuwa zimekwisha. Wavuvi wa Kituku walisema kasia. Hilo nililipenda, ni neno la mtu anayefanya kazi na kurudi nyumbani. Waimba kwaya walisema kiungo, kwa sauti ya chini, wakiangalia mlango. Wafugaji walisema fimbo. Jogoo sikulipenda hata siku moja. Kila aliyeniambia jogoo alitaka nimwambie kwamba nimeona jogoo wengi na wake ndiye mkubwa, na mimi nilikuwa na wagonjwa wanangoja kwenye benchi. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, ana lake pia, lakini hilo ni la nyumbani kwangu na mtalikosa.

Mikono iwe na moto kabla hujagusa mtu. Goma asubuhi kuna baridi, na mkono wa baridi pale chini unaweza kumrusha mwanaume mzima mpaka dirishani. Mimi nilikuwa nashika birika kwanza. Mfunike mgonjwa kitenge, ufunue kile tu unachokifanyia kazi. Muulize habari za kazi yake wakati unafanya ya kwako: bei ya makaa Sake, barabara ya Walikale, mvua. Mwanaume akianza kulalamika juu ya barabara, anasahau kila kitu. Na usicheke kabla yeye hajacheka.

Hilo la kucheka lilimpata mwenzangu mmoja aliyetoka Butembo, binti mzuri, mwepesi wa sindano. Mvuvi alipomwambia kwamba kasia lake limetoka kidonda, alicheka. Hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimponyoka tu. Mvuvi akafunga suruali, akaaga kwa heshima, akaenda. Papa Safari hakumgombeza. Alimwambia tu: "Ushuke Kituku, umurudishe." Binti akashuka na koti lake jeupe mpaka kwenye mitumbwi, akamkuta yule mvuvi katikati ya wenzake, na mbele ya wote akasema, "Papa, nimekuja kuomba musamaha. Tafazali urudi." Hakuweza kueleza zaidi. Sasa fikirini wavuvi walivyoelewa! Kabla ya jua kuzama, mke wa yule mvuvi alikuwa kwenye benchi letu, ameshika kiuno, anauliza ni nani huyo anayemwomba mume wake arudi. Ikabidi mvuvi aje mwenyewe na kidonda chake kama ushahidi. Alipona, na ndoa ikapona.

Halafu vikaja vita. Waasi, kila walipoingia Goma, walibadilisha bendera, walibadilisha mihuri, na walileta na jina jipya la kile kitu. Waliotoka upande huu walikuwa na lao, waliotoka magharibi na Kilingala chao walikuwa na lao, lakini mwisho wote walikutana kwenye silaha. Hilo nililipiga marufuku chumbani kwangu. Silaha nimeziona zinafanya nini, na nimeosha zilichofanya. Siwezi kukiita hivyo kitu ambacho watoto wanatoka humo.

Mkubwa mmoja aliingia na walinzi wawili wenye bunduki. Alikuwa anaona haya, kwa hiyo alikuwa anapiga kelele. Nikamwambia, "Komanda, bunduki inabakiaka inje." Walinzi wakamwangalia yeye, yeye akaniangalia mimi, mimi nikaangalia birika langu. Mwishoni akasema, "Mutoke." Nikamuuliza sasa anakiitaje kile kinachomuuma, maana silaha zote zimetoka. Akafikiri sana. "Kijana," akasema. "Kijana iko na moto." Nikamtibu kijana wake. Kesho yake mmoja wa walinzi akarudi peke yake, na yeye kijana wake alikuwa na moto uleule. Sikuuliza walikuwa wamekwenda wapi pamoja.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote sikulipata chumbani. Nililipata kwenye mawe ya Lac Vert, ziwa dogo magharibi ya mji, wakati wa volkano, kwa mtu wa mwisho duniani ambaye ningetegemea anipe neno la namna hiyo. Alikuwa baba mkwe wangu.

Niwaelezee kwanza. Mume wangu ni mtu wa vilima vya Masisi, na kwao mke wa mtoto ana masharti kwa baba mkwe. Halitaji jina lake. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, anashuka pembeni na kuangalia majani. Nilikuwa msichana wa mjini, nikadhani ni mchezo, lakini mama yake alinifundisha kabla hajafa na mimi nikashika. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa natamka leviye na kasia tangu asubuhi mpaka jioni, nilikuwa nikifika nyumbani siwezi kutamka jina la babu wa watoto wangu. Hata leo sitaliandika hapa, msilitafute. Nilimwita Papa, basi. Alikuwa anaishi kwetu tangu vita vimshushe kutoka Masisi, mzee mrefu, mkimya, anakaa nje na fimbo yake akiangalia upande wa vilima.

Siku mlima ulipopasuka, mume wangu alikuwa amepeleka watoto kumsalimu mama yangu kule Mapendo, upande wa mashariki. Mimi nilikuwa kazini, upande wa magharibi wa mji. Moto ukashuka, ukapita katikati ya Goma, ukaigawa familia yangu kama mkate. Wao wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Sisi wa upande huu tukakimbilia barabara ya Sake. Papa Safari, kabla hatujatawanyika, alimkabidhi kila muuguzi sanduku moja la dawa abebe. Mimi nilishika langu bila kuangalia, nikapitia nyumbani nikamchukua baba mkwe, tukatembea, yeye mbele, mimi nyuma na sanduku kichwani. Tulipofika Lac Vert, nikafungua sanduku mbele ya watu waliokuwa wanangoja dawa ya kuhara na ya malaria. Lilikuwa limejaa sonde. Sonde, glavu na mafuta yake. Watu walicheka siku nzima, na mimi nilicheka nao, maana ningefanya nini.

Tulikaa chini ya turubai moja na mama mmoja muuza samaki wa Kituku, mzee wa rika la baba mkwe wangu. Watu walimwita Mama Sambaza, kwa jina la wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alikuwa amekimbia na beseni lake la samaki na hakuliacha hata usingizini. Yeye ndiye aliyekuwa akitupikia, na kwa sababu yangu alikuwa anagawa chakula mara mbili: cha muzee upande ule wa turubai, cha kwangu upande huu.

Halafu muzee akaacha kunywa. Nikimpelekea maji, nikiyaweka chini na kugeuka kama desturi inavyotaka, nilikuta kikombe kimejaa. "Sina kiu," alisema. Akawa anasimama, anakwenda nyuma ya jiwe kubwa, anakaa huko muda mrefu, anarudi akitoka jasho kwenye baridi ile. Hakulala. Alikaa ameinama, mikono tumboni. Nikamuuliza nikiangalia pembeni, "Papa, uko na maumivu fasi gani?" Akajibu, "Tumbo tu. Ni hii moshi ya volkano."

Mimi nilijua. Ningekuwa mpishi nisingejua, lakini nilikuwa nimekaa na wazee wa namna ile maisha yangu yote. Mkojo ulikuwa umefungwa. Ukiachwa, unarudi nyuma na kuua figo, na mtu anakufa taratibu mbele ya macho yako. Papa Safari sikujua alikimbilia wapi. Barabara ya mjini ilikuwa chini ya mawe ya moto, na muzee hangeweza kutembea mpaka Sake. Muuguzi alikuwa mimi. Sanduku zima la sonde lilikuwa chini ya kichwa changu kama mto, na sikuweza hata kumuuliza. Niliogopa kuliko nilivyouogopa moto. Nilijiona nimesimama mbele ya mume wangu nikimwambia kwamba baba yake amekufa kwa heshima.

Mama Sambaza alikuwa ananiangalia. "We mama," akaniambia, "unaona vile muzee anasimamaka?"

"Naona."

"Na weye si muganga?"

"Ni baba mukwe wangu."

Akapiga makofi mara moja. Na yeye alikuwa mtoto wa Masisi, alijua uzito wake. Akageuza viazi vitamu jikoni, akawaza, kisha akachukua kimoja, akaenda kukaa mbele ya muzee. Akaniita na mimi. Nilikwenda nikasimama nimempa muzee mgongo.

"Muzee," akasema, "nikuulize. Mujukuu wako mwanamuke, unamuitaka nani?"

Hata katika maumivu yale alitabasamu kidogo, maana kwao babu humtania mjukuu wa kike kwa kumwita bibi, yaani mke. "Namuitaka bibi yangu."

"Na yeye anakuchekaka?"

"Ananichekaka mpaka jino ya mwisho."

"Munakulaka sahani moja?"

"Sahani moja."

"Basi usikie. Bibi wa mutoto wako ameenda Gisenyi na bwana yake. Huyu mwenye kusimama hapa ni mujukuu wako."

Muzee akainua kichwa. "Nani amesema?"

"Miye nimesema. Na ukikataa utakufa, na hapa yote ni mawe. Hata shimo ya kukuzika haichimbike."

Mama Sambaza akavunja kiazi vipande viwili. Kimoja akampa muzee, kingine akanipa mimi, akanishika mabega na kunigeuza. Wajukuu zangu, kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu kutoka mbele, karibu hivyo. Alikuwa na macho ya mume wangu. Alikishika kile kiazi mpaka nikadhani ametukatalia. Halafu akauma. Na mimi nikauma. Tukatafuna tukiangaliana, na Mama Sambaza akahesabu hilo kuwa limekwisha, akarudi kwenye samaki wake.

Sasa nilikuwa mjukuu, lakini sheria ya Papa Safari ilikuwa bado sheria. Sikumpa neno. Nilikaa chini kwenye jiwe, nikangoja. Nilidhani atasema fimbo, kama wafugaji wote. Aliangalia vilima, akaangalia kiazi chake, akasema polepole:

"Mujukuu. Mwenzangu anakataa. Tangu juzi anakataa."

Mwenzangu! Nilikuwa nimesikia majogoo na silaha na mashine za kila aina, maneno ya kujisifu yote, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ni mtu aliyetembea naye tangu utoto, aliyechoka kama yeye alivyochoka, na kwamba anamhurumia. Nililipenda neno lile hapo hapo, na ninalipenda hadi leo. Nilitaka kulia, lakini kazi ilikuwa inangoja.

"Sawa, Tate," nikamwambia, kama wajukuu wanavyomwita. "Umwambie mwenzako nakuja kumusaidia. Na umwambie mikono yangu iko na moto." Maana nilikuwa nimeishika sufuria ya viazi.

Tulishusha turubai pande zote. Mama Sambaza alisimama nje akifukuza watu kwa mwiko. Niligusa tumbo lake chini ya kitovu, lilikuwa gumu kama boga. Nikamuuliza habari za malisho ya Masisi, majani yapi yanaleta maziwa mengi, na alipokuwa anaeleza nikapitisha sonde. Ilikwama kidogo mahali inapokwama kwa wazee. Msisukume hapo, mwambieni mgonjwa avute pumzi na ninyi mvute. Ikapita. Mkojo ukaanza kushuka kwenye chupa ya maji niliyoifunga kwa kamba, na muzee akanyamaza katikati ya habari za majani, akafumba macho, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Niliukunja mpira mara kwa mara ili usitoke wote kwa mpigo, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyecheka tena sanduku langu.

Sonde ilikaa naye siku kadhaa. Alitembea nayo chini ya koti, chupa mfukoni, na tulikula sahani moja kila siku, akinifundisha jinsi ya kumjua ng'ombe mwenye hasira kwa masikio. Lakini sonde haikai milele, na siku ya kuitoa ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi. Kama mwenzake angekataa tena, dawa ingekuwa kisu, na hakuna aliyejua kama chumba cha upasuaji mjini kilikuwa bado kimesimama. Nikaitoa asubuhi. Muzee akanywa maji, akanywa chai, akanywa tena maji. Akaenda nyuma ya jiwe, akarudi akitikisa kichwa. Jua likapanda. Akaenda, akarudi. Sikuwa na hamu ya kula, lakini Mama Sambaza akatuwekea sahani ya maharage katikati, na tukala ili tusiangaliane.

Hapo ndipo mume wangu alipotokea barabarani, mweupe kwa vumbi, na watoto nyuma yake. Walikuwa wamepita juu ya mawe yaliyokuwa bado na moto chini. Nilitaka kukimbia kumkumbatia. Yeye akasimama, akaona mkono wangu na mkono wa baba yake ndani ya sahani moja, akasahau hata kutusalimu.

"Mama Neema! Unakula na papa?"

Muzee akamwangalia kutoka chini. "Nani mama Neema? Huyu ni mujukuu wangu."

"Papa, huyu ni bibi yangu!"

"Ni mujukuu wangu nakuambia, uulize mama ya samaki. Na kama ni mujukuu wangu, miye nilipelekaka ng'ombe za mahari kwabo juu ya nini?" Akaanza kutetemeka mabega. "Nimelipia mutoto wa nyumba yangu! Waambie wanirudishie ng'ombe zangu!"

Tangu vita vimnyang'anye zizi lake lote, mbele ya mwanawe hakuwa amelitamka neno ng'ombe hata mara moja. Mama Sambaza alianguka juu ya beseni lake kwa kicheko, watoto wakacheka bila kujua sababu, na muzee akacheka akishika tumbo, akacheka mpaka akakohoa. Halafu ghafla akanyamaza. Akatafuta fimbo yake, akasimama, akaenda haraka nyuma ya jiwe.

Tulitega masikio sisi wawili, mimi na Mama Sambaza. Tukasikia maji yanapiga mawe, mara ya kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, kwa muda mrefu sana.

"Papa iko na nini?" mume wangu akauliza. Sikuweza kumjibu, nilikuwa nalia.

Muzee alirudi akifunga mkanda, na bado alikuwa anadai ng'ombe zake.